Gari likipiga mluzi kwenye spika, anza na ethi

Gari la Japani likishushwa bandarini Dar es Salaam, kitu cha kwanza kubadilishwa mara nyingi ni redio. Ile iliyokuja nalo husoma FM ya Japani, inayoanzia megahezi 76 na, kwa magari mengi ya miaka ya nyuma, kuishia 90, wakati stesheni zetu zimepangwa mpaka 108. Basi IST au Noah haikai sana kabla dashibodi yake haijafunguliwa. Inaingia redio mpya ya kioo kipana, zinafuata spika za milangoni, na mwenye kupenda muziki kwelikweli anaongeza amplifaya na sabufa kwenye buti. Kazi ikiisha gari linaimba vizuri. Kisha jioni moja mwenye gari yuko kwenye foleni ya Ubungo, amepunguza sauti, anasikia kitu ambacho hakukilipia: mluzi mwembamba ndani ya spika, unaopanda akikanyaga mafuta na kushuka akiachia.

Kinachofuata ndicho kilichonisukuma kuandika makala haya. Mwenye gari anarudi kwa fundi. Fundi anasikiliza kidogo, anasema amplifaya ni mbovu. Inanunuliwa nyingine na mluzi uko palepale. Anashauriwa aweke kichujio cha kelele, kile kiboksi kidogo kinachopachikwa kwenye waya. Mluzi unapungua, na besi nayo inapungua. Mwishowe anazoea, anaendesha akiwa amefungulia sauti kubwa muda wote ili asiusikie. Pesa imekwenda na tatizo limebaki, wakati mara nyingi dawa yake ilikuwa boliti moja na kipande cha msasa.

Tuanze na mluzi wenyewe unakotoka. Alteneta, ambayo wazee bado huiita dinamo kwa jina la chombo kilichoitangulia, huzungushwa na mkanda wa injini na kuzalisha umeme unaopanda na kushuka katika mawimbi matatu. Ndani yake mna dayodi sita, wakati mwingine zaidi, zinazounyoosha umeme huo ili uweze kuchaji betri. Kunyoosha huko hakukamiliki. Juu ya zile volti 14 na ushee zinazotoka hubaki viwimbi vidogo. Rota ya alteneta nyingi ina ncha 12 za sumaku, na kila ikizunguka mara moja hutoa viwimbi 36. Injini ikiwa imetulia kwenye mizunguko 700 kwa dakika, na alteneta ikizunguka mara mbili na nusu ya hapo, viwimbi vinakaribia 1,050 kwa sekunde. Kanyaga mafuta mpaka 3,000 vinafika 4,500. Sikio la binadamu nalo hunasa kwa wepesi zaidi sauti zilizo kati ya 2,000 na 5,000 kwa sekunde. Mluzi wa alteneta unatua hapohapo, na ndiyo maana sehemu ndogo sana ya volti inatosha kuharibu wimbo mzima.

Viwimbi hivyo vimo katika kila gari linalotembea, hata lile lenye redio ya kiwandani lililo kimya kabisa. Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi ni moja: vimepenya wapi kuingia kwenye sauti?

Watu wamehangaika na swali hilo tangu redio ilipoanza kupanda kwenye gari. Mwaka 1930, huko Chicago, Paul Galvin na wenzake walifunga redio kwenye gari lake aina ya Studebaker na kuliendesha mpaka Atlantic City, kulikokuwa na mkutano wa watengenezaji wa redio. Redio hiyo ilipewa jina la Motorola na kuuzwa kati ya dola 110 na 130. Kikwazo chao kikubwa kilikuwa kelele za injini. Cheche za plagi na dinamo ya zama hizo viliifunika sauti, na kila gari lililofungwa redio lilibidi liwekewe vizuizi vya kelele kwenye plagi, kwenye distribyuta na kwenye dinamo yenyewe. Kati ya vijana waliofanya kazi hiyo alikuwamo Elmer Wavering. Miaka mingi baadaye, akiwa kiongozi katika kampuni ya Galvin, Wavering akawa miongoni mwa waliofanikisha alteneta kuchukua nafasi ya dinamo katika magari ya kawaida. Chrysler ilipotoa Valiant ya 1960, alteneta ilikuwa kifaa cha kawaida cha gari hilo. Mtu aliyeanza kazi kwa kupambana na kelele za dinamo ndiye aliyesaidia kuleta chombo kinachotupigia mluzi leo. Namtaja ili msomaji ajue kwamba tatizo hili limeshashughulikiwa na watu makini kwa karibu miaka 100, na njia za kulitafuta zinajulikana. Hakuna sababu ya fundi kubahatisha.

Njia ya kwanza haihitaji hata bisibisi. Washa redio kwa ufunguo bila kuwasha injini. Ukisikia mchakacho mfululizo kama wa mvua ya mbali, mluzi hakuna, hiyo ni habari ya geini iliyopandishwa mno kwenye amplifaya, nitaigusa baadaye. Sasa washa injini. Mluzi unaofuata mafuta ni wa alteneta. Ukitaka kuhakikisha, washa taa kubwa na feni ya kiyoyozi: alteneta italemewa na mluzi utaongezeka. Sauti ya tak-tak-tak inayoharakisha pamoja na injini ni ya cheche. Mvumo usiobadilika hata ukikanyaga, unaoanza injini inapowaka, mara nyingi ni wa pampu ya mafuta, ambayo kwa magari mengi imo ndani ya tangi, chini ya kiti cha nyuma, jirani kabisa na nyaya za sauti zinazokwenda kwenye buti.

Halafu shusha sauti ya redio mpaka sifuri. Hiki ni kipimo ninachokithamini kuliko vingine, kwa kuwa kinachukua sekunde tano na kinagawa gari sehemu mbili. Mluzi ukibaki vilevile wakati redio iko sifuri, basi unaingia baada ya kitufe cha sauti: kwenye nyaya za RCA zinazopeleka sauti kutoka redioni hadi kwenye amplifaya, kwenye amplifaya yenyewe, au kwenye ethi zake, yaani nyaya nyeusi zinazofungwa kwenye bodi ya gari. Ukitoweka na kurudi unapopandisha sauti, unaingia kabla ya hapo: kwenye antena, kwenye waya wa aux, au ndani ya redio. Kisha badilisha chanzo. Toka FM nenda bluetooth, toka bluetooth nenda USB. Kelele iliyoko kwenye FM peke yake imekuja na antena. Iliyoko kwenye aux peke yake, chomoa chaja ya simu.

Hapo kwenye chaja nisimame kidogo, maana ndiko gari nyingi za kawaida, zisizo na amplifaya wala sabufa, zinakopata ugonjwa huu. Simu imechomekwa kwenye chaja ya tundu la sigara, na wakati huohuo imeunganishwa na redio kwa waya wa aux. Simu sasa ina njia mbili za kurudisha umeme kwenye bodi ya gari: kupitia chaja, na kupitia ganda la waya wa aux. Umeme hufuata njia zote zilizo wazi, na ule unaopita kwenye ganda la aux unabeba viwimbi vya alteneta moja kwa moja mpaka redioni. Chomoa chaja, na mluzi ukikatika papo hapo, umemaliza kutafuta. Tumia bluetooth, au chaji simu wakati husikilizi. Kipo pia kifaa cha kutenganisha ethi, chenye transfoma ndogo ndani, kinachopachikwa katikati ya waya wa aux. Kinafanya kazi hiyo vizuri, ila vile vya bei ya chini hupunguza besi.

Chaja za bei ya kutupa zina kosa jingine. Ndani yake mna saketi inayokata umeme maelfu kwa maelfu ya mara kila sekunde ili kuishusha volti 12 iwe 5, na kama mtengenezaji alibana matumizi kwenye vizuizi, saketi hiyo inarusha kelele hewani. FM inakwaruza ukiichomeka na kutulia ukiichomoa. Balbu za LED za taa kubwa, zinazouzwa kila kona ya Kariakoo siku hizi, zinaweza kufanya hivyohivyo. Mtu amefunga taa mpya Jumamosi, Jumatatu stesheni aliyoizoea haisikiki vizuri akiwa Mbezi, naye analaumu redio. Zima taa usikilize tena.

Turudi kwenye amplifaya, kwa sababu huko ndiko kwenye kesi nzito na pesa nyingi.

Amplifaya iko kwenye buti, redio iko kwenye dashibodi. Kila moja ina ethi yake, na nafasi kati ya ethi hizo mbili inaweza kufika mita tatu za bati. Katikati yake unapita waya wa RCA, ambao ganda lake la nje nalo ni ethi. Ikiwa ethi ya amplifaya imeshikilia vizuri, umeme wake wote unarudi kwenye bodi pale pale nyuma. Ikiwa imeshikilia kwenye rangi, au kwenye kutu, au kwenye boliti ya mkanda wa kiti iliyojaa gundi ya kiwandani, sehemu ya umeme inatafuta njia nyingine, na njia iliyo wazi ni ganda la RCA kwenda kwenye redio.

Fanya hesabu ndogo. Amplifaya inayovuta ampea 50 muziki ukiwa juu, kwenye ethi yenye ukinzani wa omu 0.02 tu, inazalisha tofauti ya volti 1 nzima kati ya ethi yake na bodi. Muziki unaotoka kwenye RCA ya redio nyingi hauzidi volti 2 mpaka 4 redio ikiwa juu kabisa, na kwa sauti ya kawaida ni kidogo mno kuliko hapo. Uchafu wa ethi unakaribia kulingana na muziki wenyewe. Omu 0.02 hakuna anayeweza kuiona kwa macho. Ni unene wa ukungu wa kutu, au rangi iliyokwanguliwa nusu.

Nilishuhudia kazi hii ikifanywa na fundi mmoja mtu mzima pale Ilala, kwenye Spacio ya kijana aliyekuja akiwa amekata tamaa.

"Shikamoo mzee. Hii amplifaya ya pili sasa, na bado inalia."

"Marahaba. Amplifaya tuiache kwanza. Nionyeshe ethi yako iko wapi."

Kijana hakujua. Fundi akakunja zulia la buti, akafuata waya mweusi kwa vidole mpaka nyuma ya taa, akaukuta umebanwa na skrubu ya bati, ile nyembamba ya kufungia plastiki, juu ya rangi nyeupe ya gari. Hakuigusa. Alichukua mita yake, akaiweka kwenye volti za betri, akarefusha waya mmoja mpaka kwenye teminali hasi ya betri na mwingine akaugusisha kwenye ethi ya amplifaya. Akamwambia kijana apandishe muziki. Mita ikacheza juu ya volti 0.4. "Hapa inatakiwa isizidi sifuri nukta moja," akasema, na kijana akainama kusoma mwenyewe.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya mikono tu. Alitafuta bati nene karibu na nguzo ya nyuma, mahali ambapo bodi imeungwa kwa tabaka mbili, akachunguza upande wa chini asije akatoboa tangi au bomba la breki. Akakwangua rangi kwa msasa mpaka bati likang'aa, duara la ukubwa wa sarafu ya shilingi 200. Akatoboa, akaweka boliti yenye nati na washa ya meno, akabana kichwa cha waya kilichokandamizwa kwa koleo maalumu. Juu yake akapaka grisi kidogo ili hewa ya chumvi isianze kula bati lililo wazi. Waya wa zamani aliutupa. Aliukwangua kwa kisu mbele ya mwenye gari: nje mwekundu wa shaba, ndani mweupe. Ulikuwa wa alumini iliyopakwa shaba.

Waya huo umejaa sokoni na unauzwa kama wa shaba. Alumini ina ukinzani wa karibu mara 1.6 ya shaba, kwa hiyo waya unaoonekana mnene unapitisha umeme kama waya mwembamba. Tena alumini iliyo wazi hupata ukungu haraka kwenye maungio, na katika miji ya pwani, kuanzia Mtwara mpaka Mombasa, ukungu huo hauchelewi. Kama ni lazima ununue waya wa aina hiyo, nunua mnene zaidi kuliko ulioandikwa kwenye maelekezo ya amplifaya. Kama unaweza kungoja mwezi mmoja ukusanye pesa za shaba, ngoja. Na waya wa ethi uwe na unene uleule wa waya mwekundu unaotoka kwenye betri, urefu wake usizidi nusu mita. Mafundi wengi hufunga waya mnene kwenye chanya na kumalizia hasi kwa kipande chembamba kilichobaki. Umeme unaokwenda ndio unaorudi. Njia ya kurudi haiwezi kuwa nyembamba kuliko ya kwenda.

Ethi ya Spacio ilipopimwa tena, mita ilisoma chini ya 0.05. Injini ikawashwa, sauti ikashushwa. Kimya.

Si kila kesi inaishia kwenye ethi ya nyuma, na fundi mwenye utaratibu anajua pa kwenda akikuta ethi ni nzima. Anazima mfumo, anachomoa RCA kwenye amplifaya, anawasha tena. Kama mluzi bado upo wakati hakuna kitu kilichochomekwa, tatizo liko kwenye umeme wa amplifaya au ndani yake, na hapo tu ndipo neno "amplifaya mbovu" linapoanza kuwa na maana. Kama umekatika, anaunganisha simu isiyo kwenye chaja moja kwa moja kwenye amplifaya. Muziki ukitoka safi, amplifaya imeachiwa huru, zimebaki redio na waya wa RCA. Anachukua RCA nyingine na kuipitisha hewani, juu ya viti, kutoka redioni mpaka kwenye buti. Mluzi ukiisha, RCA ya zamani imepitishwa sambamba na waya wa betri chini ya zulia, au imekatika ganda. Waya wa betri upite upande mmoja wa gari na RCA upande mwingine, na zikilazimika kukutana zikatize kama njia panda, zisilale pamoja.

Ikibaki redio, tazama ethi yake. Redio za magari ya mtumba yaliyoingia karibuni zikibadilishwa, soketi ya kiwandani mara nyingi hukatwa na nyaya kuungwa kwa kusokotwa na kuzungushiwa tepu. Joto la dashibodi iliyoegeshwa juani linayeyusha gundi ya tepu, muungio unalegea, na redio inaanza kutafuta ethi kupitia waya wa antena au ganda la RCA. Vuta waya mmoja wa muda kutoka kwenye bodi ya redio mpaka kwenye bati tupu la gari. Ikisaidia, rudi ukaunge vizuri kwa kuchomelea risasi, au nunua soketi ya kati inayoingiliana na ya gari bila kukata kitu. Redio kadhaa pia zina njia nyembamba sana ya ethi kwenye tundu zake za RCA, ambayo huungua fundi akichomeka RCA wakati umeme umewashwa. Kuchomoa na kuchomeka RCA mfumo ukiwa hai ni tabia ya kukomesha.

Upo waya mmoja mdogo wa bluu ambao husahaulika na kuleta maumivu makubwa. Magari mengi yana antena ndani ya kioo cha nyuma au antena fupi ya juu ya paa, zote zikiwa na kikuza mawimbi kinachohitaji volti 12. Redio ya kiwandani ilikuwa inaipelekea. Redio mpya inaipelekea kwa waya huo wa bluu, kama umeungwa. Usipoungwa, FM inakuwa dhaifu, na kila kelele ya injini inapata nafasi ya kusikika. Wale waliobaki na redio ya Kijapani na kuweka kifaa cha kuhamisha masafa ya FM nao wakague ethi ya kifaa hicho na viungio vyake vya antena kabla ya kulaumu injini.

Kelele za cheche zimepungua sana kwa kuwa injini nyingi za sasa zina koili juu ya kila plagi, hakuna tena waya ndefu za plagi zinazorusha kelele kama antena. Kwa magari ya zamani kidogo, kagua waya za plagi, na hakikisha plagi zenyewe ni zile zenye kizuizi ndani. Kwenye namba za plagi za NGK, herufi R ndiyo inayoonyesha hivyo, mfano BPR6ES.

Geini niliyoahidi: kile kitufe kwenye amplifaya si cha sauti. Kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na nguvu inayotoka kwenye redio. Ukikipandisha mpaka mwisho, amplifaya inakuza kila uchafu uliomo kwenye waya, hata ule ambao usingeusikia kamwe. Weka redio kwenye robo tatu ya sauti yake, pandisha geini taratibu mpaka sauti ianze kuchanika, rudisha nyuma kidogo, iache hapo. Nimeona watu wakitibiwa mluzi kwa hatua hii peke yake.

Vichujio nimevisema vibaya mwanzoni na sibadili kauli. Vina kazi yake pale ambapo chanzo kimepatikana na hakiwezi kuondolewa. Kuvifunga kabla ya kupima ni kuficha ushahidi, na kuna kesi moja ambapo kuficha huko kunaweza kukuacha porini usiku. Dayodi moja ya alteneta ikifa, viwimbi vinakuwa vikubwa ghafla. Gari lililokuwa kimya miaka miwili linaanza kupiga mluzi bila mtu kugusa redio wala nyaya. Taa ya betri kwenye dashibodi inaweza isiwake, maana dayodi zilizobaki bado zinachaji. Chukua mita, iweke kwenye alama ya V yenye kiwimbi, pima kwenye teminali za betri injini ikiwaka na taa zikiwa zimewashwa. Chini ya volti 0.1 ni sawa. Ikifika 0.5, ipeleke alteneta kwa fundi wa umeme wa magari kabla ya safari ya Dodoma au Mbeya. Angalia pia ethi kubwa ya injini, ule mkanda wa shaba unaounga injini na bodi, kwani ukioza umeme wote wa alteneta unahangaika kutafuta njia, na redio inakuwa ya kwanza kulalamika.

Kuna fundi atakayetaka kupima alteneta kwa kuchomoa teminali ya betri injini ikiwa inawaka, aone kama gari litazima. Mkatalie. Betri ndiyo inayotuliza alteneta. Ukiitoa ghafla, volti zinaweza kuruka mara kadhaa zaidi ya 14 kwa muda mfupi, na kompyuta ya injini, redio na alteneta yenyewe vinaweza kuungua kwa pamoja. Kipimo hicho kilikuwa kinafanyika enzi za magari yasiyo na kompyuta. Hayo yameisha.

Na waya mwekundu wa amplifaya uwe na fyuzi karibu na betri, ndani ya sentimita 45. Hili halihusiani na mluzi, lakini ninapoona buti limefunguliwa ili kukagua ethi, natazama na fyuzi. Waya mnene usio na fyuzi, uliopita chini ya zulia na kusuguana na ncha ya bati, unaweza kuchoma gari zima.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, gari lako likianza kupiga mluzi, usitoe pesa ya kifaa chochote kabla fundi hajapima mbele yako. Mwambie akuonyeshe ethi ya amplifaya na ethi ya redio, kwa macho, zulia likiwa limefunguliwa. Mwambie aweke mita na uisome wewe mwenyewe. Fundi asiye na mita, mshukuru na utafute mwingine. Aliye nayo, na akatumia saa nzima kukwangua rangi na kubana boliti moja, mlipe ujira wake kamili bila kumpunguzia kwa sababu eti hakubadilisha kitu.